Ajenda ya Mengineyo

Jumatatu ya kwanza ya muhula, saa nane na robo mchana, karatasi ya mahudhurio ilizunguka ukumbi namba nne na kumrudia Tulinagwe Nzunda ikiwa na majina thelathini na tisa. Orodha aliyopewa na ofisi ya taaluma ilikuwa na wanafunzi thelathini na wanane. Akadhani kuna mtu amemsainia mwenzake, tabia ambayo haina dawa, akaanza kukagua kuanzia juu. Jina la kwanza lilikuwa Osea Nzunda. Mwandiko ulilalia kushoto, herufi za mwisho zikiwa na mikia mirefu, na ulikuwa wa baba yake, aliyefariki miaka saba iliyopita katika msimu wa kuvuna kahawa.

Akainua macho. Baba yake alikuwa safu ya mbele, kiti cha dirishani, amevaa koti la kahawia alilozikwa nalo. Mbele yake kulikuwa na daftari nene na kalamu ya bluu. Binti aliyekaa jirani yake, Yasmini wa Tunduma, alimwomba asogeze kiwiko kidogo apate pa kuweka simu, naye akasogeza.

"Shikamoo, baba," Tulinagwe akasema. Alikunja goti kidogo na kugonganisha viganja mara mbili, kama binti yeyote wa kwao anavyomwamkia mzazi, na alishalifanya hilo kabla hajakumbuka kwamba yuko mbele ya darasa.

"Marahaba, mwalimu. Endelea tu."

Akaendelea. Somo la siku hiyo lilikuwa Maana ya Uongozi, na lilichukua saa mbili kamili.

Kampasi hiyo ni tawi la chuo kikuu cha umma ambacho makao makuu yake yako mbali sana, huko watu wanakovaa suti bila sweta ndani. Iko juu kidogo ya Nanyala, na bango lake linasomeka vizuri kutoka barabara kuu, kwa kuwa malori ya kwenda mpakani hupanda kilima hicho polepole: TUNAANDAA VIONGOZI WA KESHO. Wa leo, inaonekana, wana mwandaaji mwingine. Kozi inayopendwa kuliko zote ni Astashahada ya Uongozi wa Umma, ya mwaka mmoja, na Tulinagwe ndiye aliyekuwa akiifundisha. Alikuwa mhadhiri msaidizi katika kipindi cha majaribio. Barua ya kumthibitisha kazini ilitarajiwa mwezi Juni, na mtu anayesubiri barua ya namna hiyo hata akikohoa hukohoa kwa adabu.

Ukumbi namba nne ulisimama juu ya shamba la kahawa la Mzee Osea, na kaburi lake lilikuwa ndani ya shamba hilo. Ujenzi ulipoanza kaburi lilihamishiwa kwenye makaburi ya kanisa. Mchungaji alikuwepo, kwaya ilikuwepo, na waliohamisha mifupa waliifanya kazi yao kwa heshima zote. Ila hakuna aliyemwambia mwenyewe, na Mzee Osea hakuwa mtu wa kwenda mahali bila kualikwa. Akabaki chini ya sakafu ya zege. Alipochoka kusikia mihadhara ya uongozi nusunusu kupitia sakafuni, akapanda.

Kipindi kilipokwisha Tulinagwe alisubiri wanafunzi watoke, akamsogelea.

"Baba, umekuja kufanya nini?"

"Kusoma."

"Kusoma uongozi? Wewe uliyekuwa mwenyekiti wa kijiji miaka kumi na sita?"

"Ndiyo maana," Mzee Osea akasema, akifunga daftari lake. "Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi nina langu. Nilikosea mahali, mwanangu. Nimesikia hapa mnafundisha watu wasikosee."

Mahali alipokosea kila mtu kijijini alipajua. Miaka minane iliyopita wageni kutoka chuo kikuu walikuja na magari mawili, wakakutana na wanakijiji ndani ya ghala la kahawa. Walikuwa na ombi la eneo la kujenga kampasi, pamoja na chemchemi iliyokuwa ndani ya eneo hilo, maana chuo hakiwezi kuishi bila maji. Mzee Osea aliendesha mkutano kwa taratibu zote: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, kuwapokea wageni, ombi la eneo, mengineyo, kufunga. Eneo likatolewa kwenye kipengele cha nne, mikono yote juu, na chemchemi ikatolewa humohumo.

Sasa, kwa watu wa milima hiyo, mgeni akikuomba kitu humpi huku ukimtajia unachotaka wewe. Hiyo ni biashara, na biashara hufanyika Tunduma. Unampa kwanza, anakula, anashiba, na wakati wa kuagana ndipo unasema, kama jambo dogo lililokuponyoka, kwamba na sisi tuna haja yetu. Kwa hiyo haja yao ikaja kwenye mengineyo. Walitaka bomba moja tu nje ya uzio, kinamama wachote. Wageni wakajibu kwamba hilo halina shida kabisa, watu wakapiga makofi, pilau likapakuliwa.

Baadaye muhtasari ulichapwa upya mjini ili uambatanishwe na hati ya eneo. Mchapaji aliishia kipengele cha nne, kwa sababu kwenye ofisi nyingi mengineyo hayachapwi. Nakala ya kijiji, iliyoandikwa kwa mkono kwenye daftari, ililiwa na mchwa pamoja na nusu ya kabati. Uzio ukapigwa, chemchemi ikabaki ndani. Kijiji kikaanza kuchota ng'ambo ya barabara kuu, kwenye mashimo yaliyoachwa na wajenzi wa barabara walipochimba kifusi, ambayo hushika maji ya mvua mpaka Septemba na baada ya hapo hushika tope. Mwaka juzi Bibi Eva, mke wa katekista, aligongwa na lori akivuka na ndoo. Waliomwokota walisema ndoo haikupata hata mkwaruzo.

Ofisi ya taaluma haikushtushwa na Mzee Osea. Ilisumbuka tu, kwa kuwa hakuwa na namba ya usajili, na mtu asiye na namba kwenye mahudhurio ni hoja ya ukaguzi. Wakatafuta kanuni. Ikaonekana upo utaratibu wa kuwadahili watu wazima wenye ujuzi lakini wasio na vyeti, wakamsajili kwa njia hiyo. Mahali pa cheti cha kuzaliwa karani aliambatanisha cheti cha kifo, kwa kuwa nacho kinataja mwaka wa kuzaliwa. Penye hali ya afya aliandika "marehemu," akafikiri kidogo, akaongeza "haiathiri masomo."

Jumamosi Tulinagwe alishuka kijijini kumweleza mama yake, ambaye alimkuta akichuja maji ya mashimoni kwa kitambaa cha kanga. Mama alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchuja.

"Anakula?"

"Hali, mama."

"Hata alipokuwa mzima alikuwa wa kulazimishwa." Akakamua kitambaa. "Mwambie lile koti lake jingine bado lipo. Na umuulize maji yetu ameyafikisha wapi."

"Mama, nimeshakwambia uje uchote kwangu. Nyumba niliyopewa na chuo ina bomba jikoni."

"Na mlinzi wa getini ameshakwambia maji hayatoki nje. Tena yangetoka, ninywe peke yangu, wenzangu wanitazame koo linavyopanda na kushuka? Wewe uko ndani huko na baba yako yuko ndani. Hatukuwapeleka huko mkatuletee chupa."

Mama alikuwa na miaka sitini na minane na alivuka barabara ile mara mbili kwa siku. Tulinagwe alipolala, usingizini aliona mataa ya malori. Alimpenda mama yake na alimwogopea, na kila asubuhi aliposikia breki zikilia kule kilimani alisimama na kusubiri kusikia kama kutakuwa na kelele za watu.

Darasani Mzee Osea alikuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Hakuchelewa, na angechelewaje mtu anayeishi chini ya sakafu? Aliandika kila kitu. Mahali alipokaa palinuka udongo mbichi kidogo na maganda ya kahawa, harufu ambayo wanafunzi wa Mbozi waliipenda na wale wa Tunduma waliizoea. Alikuwa na kasoro moja tu, ya kungoja. Tulinagwe alipouliza kama kuna swali, vijana walinyoosha mikono kwa fujo, na yeye aliwaachia wamalize kwanza. Alipokuja kunyoosha wake, darasa linalofuata lilikuwa limeshaanza kugonga mlango. Ilikuwa hivyo wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tisa.

Tulinagwe angeweza kuanza na yeye. Hakukuwa na kanuni iliyomkataza. Alijua swali ni lipi, na alijua kwamba likiulizwa mbele ya darasa litakuwa limeulizwa chuoni, na mwalimu wa zamu atakuwa ni yeye. Akawa anaanza na safu ya nyuma.

Aliyemfaidi mzee alikuwa Yasmini. Baba yake, mwenye malori matatu, alihamia Tunduma kutoka Tanga, na yeye alikulia kwenye foleni ya mpakani, akijua kumsalimia Mzambia kwa Kibemba na kumtuliza dereva aliyekaa siku sita bila kuvuka. Alikuwa na ulimi mwepesi na moyo mzuri. Alitaka urais wa serikali ya wanafunzi, na mapumziko yote alikuwa kando ya Mzee Osea.

"Babu, nipe mbinu. Wapinzani wangu wana spika na pikipiki."

"Mwenye kelele mpe kazi ya kuandika muhtasari, atanyamaza," Mzee Osea alisema. "Na usiulize watu wangapi wanakubali. Uliza nani hajaelewa."

"Ahadi je?"

"Moja. Ukiahidi tano hata wewe utazisahau."

Yasmini aliahidi bomba la nje. Wengi wa wanafunzi walipanga vyumba kijijini na waliyajua mashimo ya kifusi kwa matumbo yao, kwa hiyo alishinda kwa kura nyingi na akabebwa juujuu mpaka getini. Mzee Osea alipiga makofi akiwa mlangoni mwa ukumbi, mwisho wa sakafu. Tulinagwe aliiona sura yake na roho ikamuuma, kwa kuwa hakuwahi kumwona baba yake akifurahi hivyo hata alipokuwa hai.

Kisha viongozi wapya walipelekwa Mbeya kwa semina ya siku tatu hotelini, juu ya uongozi. Yasmini alirudi na kitambulisho cha kamba shingoni na tabia ya kutikisa kichwa kabla mtu hajamaliza kusema. Wiki iliyofuata serikali ya wanafunzi ilikaa na menejimenti ya kampasi kwa saa tatu. Siku hiyo alichelewa darasani, akaketi mahali pake pale pembeni ya mzee.

"Vipi maji, rais?"

"Nimeyapeleka, babu. Ila nilishauriwa yasikae mwanzoni, yangechafua hali ya hewa ya kikao. Kwa hiyo tukayaweka mwisho."

"Mwisho wapi?"

Yasmini akafungua daftari lake akalifunga. "Kwenye mengineyo."

"Ikawaje?"

"Muda uliisha, babu. Lakini liko kwenye mchakato."

Mzee Osea hakumgombeza. Akatazama nje ya dirisha, kule uzio ulikokuwa, kisha akaandika mstari mmoja kwenye daftari lake na kuupigia mstari chini. Yasmini hakuwa mtu mbaya. Siku ile hakula chakula cha mchana, na siku iliyofuata alikula.

Mtihani wa mwisho ulifanyika Mei. Ulikuwa na swali moja la lazima, alilolitunga Tulinagwe mwenyewe: Kwa kutumia mfano unaoufahamu, eleza wajibu wa kiongozi kwa watu waliomkabidhi mali yao. Mzee Osea aliomba karatasi za nyongeza mara mbili. Alipomaliza alipuliza wino ukakauka, ingawa kalamu ilikuwa ya kawaida isiyohitaji kupulizwa, na ingawa hakuwa na pumzi.

Alikuwa ameandika muhtasari wa mkutano wa ghalani, mwanzo hadi mwisho. Marehemu hasahau, hana jipya la kusukuma nje la zamani. Majina ya waliohudhuria yalikuwepo yote mia moja na kumi na wawili, na waliotoa udhuru, na saa ya kufungua. Tulinagwe alisahihisha akiwa ofisini, mlango umefungwa, akafika ukurasa wa mwisho.

*5. Mengineyo. 5.1 Bibi Eva alisema kinamama hawana neno na wageni, wanashukuru kufikiwa, ila maji yakishachukuliwa wanaomba bomba moja libaki nje ya uzio. 5.2 Mgeni, Dk. Lusubilo, alisema hilo halina shida kabisa, kinamama wawe na amani. 5.3 Wajumbe walipiga makofi. 5.4 Mwenyekiti aliona aibu kuomba jambo hilo lirudishwe kipengele cha 4, likae pamoja na eneo. Hapo ndipo mwenyekiti alipokosea. Swali la mwenyekiti kwa chuo: je, aliyepewa naye hana wajibu?*

Tulinagwe alilia kidogo, akapangusa macho, akaandika mia kwa mia. Hakuona pa kupunguza.

Kwa kanuni za chuo, karatasi yoyote iliyozidi alama tisini na tano hupelekwa makao makuu ikathibitishwe. Husomwa na jopo, hupigwa muhuri, hutunzwa kwenye kumbukumbu za kudumu. Kabla ya kusafirishwa hupitia kwa rasi wa kampasi. Rasi alikuwa Profesa Lusubilo, ambaye zamani za ghalani alikuwa bado daktari. Akamwita Tulinagwe asubuhi ya Alhamisi, akamkaribisha chai ya tangawizi na kumwekea sukari mwenyewe.

"Baba yako ana kumbukumbu nzuri," akasema. "Nilisema hivyo. Nakumbuka hata huyo bibi, alivaa kitambaa cheupe kichwani."

"Alifariki, Profesa."

"Nilisikia. Nilihuzunika sana." Na kweli alikuwa amehuzunika, uso wake haukudanganya. "Nilisema halina shida, na mpaka leo mimi sina shida nalo. Lakini hati tuliyonayo haina kipengele hicho. Nikitoa maji ya umma kwa maneno ya mdomo, kesho nitaulizwa. Sasa hii karatasi ikienda makao makuu na mia yake, ikapigwa muhuri, maneno ya mdomo yamekuwa waraka. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Kijiji watauomba huo waraka na wataupata. Wataupeleka wilayani. Bomba litawekwa nje ya uzio, na pengine ni vizuri. Ila watauliza pia nani alikaa na jambo hili miaka minane, na nani alikuwa binti wa mwenyekiti na mwalimu hapahapa." Akasogeza faili lililokuwa mezani, si kumwelekea Tulinagwe wala kulificha. Juu yake paliandikwa jina lake kamili na neno Uthibitisho. "Mimi siwezi kumwingilia msahihishaji. Wewe ndiye mtaalamu. Itazame tena, kisha niletee kesho."

Tulinagwe alirudi ofisini kwake. Alikaa na karatasi ile tangu saa nne hadi saa kumi na nusu alasiri. Mara mbili aliinuka aende kuitoa nakala, na mara zote mbili mashine ya nakala ilikuwa na mtu, na angeweza kungoja. Alimfikiria mama yake barabarani. Alifikiria pia mwaka mmoja aliokaa nyumbani bila kazi baada ya kuhitimu, akipalilia kahawa za watu Igamba huku wenzake wa darasani wakimpita na magari na kumpungia mkono. Aliona aibu nzito, na aibu hiyo haikumzuia mkono. Akachukua kalamu nyekundu. Pembeni ya kipengele cha tano akaandika "Nje ya swali," akaondoa alama tisa. Zikabaki tisini na moja, ambazo bado ni daraja A na haziendi kokote.

Barua yake ya uthibitisho ilitoka Jumatatu.

Mahafali yalifanyika Novemba, wakati mashimo ya kifusi yamefika kwenye tope. Mzee Osea alikuwa wa kwanza katika kozi yake, kwa hiyo ndiye aliyeitwa wa kwanza. Alivaa joho jeusi juu ya koti la kahawia. Mgeni rasmi alimpa mkono na kusema una ubaridi mzuri, kama wa mtu aliyetoka kunawa. Profesa Lusubilo alihutubia kwa ufasaha kwamba chuo hiki hakikuja kuchukua ardhi tu bali kulea viongozi kutoka ndani ya ardhi hiyohiyo, na ushahidi ndio huu. Makofi yalikuwa mengi. Yasmini, akiwa rais anayemaliza muda wake, alitoa neno la shukrani na hakukosea hata cheo kimoja cha itifaki. Wanakijiji walialikwa wote, wakapewa viti vya plastiki na kila mmoja chupa moja ya maji ya nusu lita, na wengi hawakuifungua. Waliiweka kifuani mwa nguo waende nayo nyumbani.

Wiki ileile bango jipya lilisimamishwa kando ya barabara kuu. Maneno yalikuwa yaleyale. Picha ilikuwa ya Mzee Osea na joho lake, akitazama mbele.

Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Siku yenyewe ya mahafali, watu walipotawanyika, Tulinagwe alimkuta baba yake amesimama ukumbini, ameshika cheti kwa ncha za vidole asikitie udongo.

"Tisini na moja," Mzee Osea akasema. "Si haba. Zile tisa zilikwenda wapi?"

Angeweza kumwambia ni mwandiko. Wanafunzi wote huambiwa ni mwandiko.

"Ziko kwenye mengineyo, baba. Nilikuwa nimekupa mia. Nikaitazama tena nikaandika nje ya swali."

Mzee akalifikiria jambo hilo bila haraka, kama alivyokuwa akifikiri mambo ya mipaka ya mashamba.

"Mimi nilikosea kwa aibu," akasema. "Wewe umekosea kwa nini?"

"Kwa woga."

"Woga una mshahara?"

"Unao, baba. Wa kila mwezi."

"Basi umenipita. Mimi sikulipwa." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Tulinagwe, kwa maana hasira angeiweza. Baba yake akavua joho, akalitundika kwenye kiti cha dirishani. "Nitarudia mwaka. Kuna mahali bado sijaelewa. Tutaonana muhula ukifunguliwa, mwalimu."

Akashuka chini ya sakafu na cheti chake. Karani wa taaluma alipoletewa habari, alimpangia namba mpya ya usajili.

Tulinagwe alitoka kupitia geti dogo la nyuma. Mama yake alikuwa akimsubiri upande wa pili wa uzio, ndoo mbili miguuni, zote tupu. Alikuwa bado amevaa gauni lake la kanisani.

"Baba yako amesemaje?"

"Amesema atarudia mwaka, mama."

"Si amekuwa wa kwanza?"

"Amekuwa wa kwanza."

Mama akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. "Na maji?"

"Hayakuingia kwenye waraka."

Alingoja mama yake aulize ni nani aliyeyatoa. Alikuwa tayari kumjibu, alitaka kabisa kuulizwa, apate kusema na kutukanwa, hata kupigwa kofi pale mbele ya malori. Mama hakuuliza. Aliinama akachukua ndoo moja, nyingine akamwachia, wakateremka mpaka ukingoni mwa lami. Foleni ya malori ilikuwa imejaa kutoka kilimani, na walisimama muda mrefu wakitafuta mwanya.

Mama akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, lile joho jekundu la wahadhiri lililopigwa pasi na kofia yake yenye kishada.

"Vua hilo kwanza," akasema. "Ni mali ya chuo. Kule kuna tope, usije ukawachafulia."

Tulinagwe akalivua. Mama yake akalipokea kwa mikono miwili, akalikunja vizuri na kulifunga ndani ya kitenge chake, upande wa ndani ukiwa nje ili lisipate vumbi, akalibeba begani. Mwanya ukapatikana, wakavuka.